Programu zetu tuzitoe wapi?

Leo nataka kusema juu ya chumba chetu cha ordinateri, hata kama wamoja watanikasirikia.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alileta programu ndani ya flashi. Alipewa na mtu wa sokoni. Kesho yake virusi vilikuwa vimekula mafaili, na kazi ya watu wa ya sita ikapotea. Nani alikosa? Mimi nasema sisi wote, maana ni vile tunafanya kila siku. Dawa ya malaria hatununui kwa mtu asiyejulikana, lakini programu tunapokea tu.

Iko njia ingine. Tangu 1998 watu wa Debian wako na apt. Unaandika "sudo apt install vlc", basi. Mashini yenyewe inaenda kwenye depo, inachukua programu pamoja na vipande vyote inavyohitaji, na siku hizi inachungua sahihi ya depo mbele ya kuweka kitu. Mac walipata Homebrew 2009, na tangu 2019 hiyo inafanya kazi hata kwa Linux. (Mac hapa kwetu Rutshuru, utaiona wapi?) Windows ndiyo ilichelewa: Chocolatey ilitoka 2011, halafu winget ya Microsoft wenyewe 2020. Kila moja iko na depo yake, lakini neno "install" ni lile lile. Aliyejua moja, zingine hazimshindi.

Wamoja wanasema kuandika amri ni mambo ya wazee, tena kwa Kiingereza. Bwana! Maneno yenyewe hayapiti matano. Simu zetu nazo, hatukuzijifunza?

Shida ya kweli ni mega. Depo iko mbali, na kila mega ni franka. Hapo nakubali. Lakini kwa mashini za Linux iko programu inaitwa apt-cacher-ng: mashini moja inashusha mara moja, inatunza, na zingine zinachukua kwake kwa waya wa chumba, bila kulipa tena. Kwa Windows sijaona njia nyepesi kama hiyo, kwa hiyo tuanze na zile za Linux.

Ninaomba mwalimu wetu wa enformatike atupe Jumamosi moja, na kila kalasi ichange kidogo kwa ajili ya mega. Franka zangu mia tano ziko tayari.