Isimu ya njiani Kitale

Mzazi wa Kitale akiambiwa bintiye amechagua isimu chuoni huuliza ataajiriwa na nani. Swali halali, karo haiokotwi. Lakini binti huyo amezaliwa juu ya hazina ya lugha. Katika Kibukusu, kiunganishi chenye kazi ya “kwamba” hupatana na kiima: watu wakisema ni “bali”, akisema mmoja ni “ali”. Wanaisimu wa mbali wameking’ang’ania. Michael Diercks aliandika tasnifu kuhusu Kibukusu Georgetown, Marekani, mwaka 2010. Na binti huyo, akipanda matatu ya Bungoma, kabla ya Webuye huenda ashasikia Kibukusu, Kitachoni, pengine na Kisabaoti, kwa nauli tu. Mhadhiri anayemlisha mifano ya Kiingereza mwaka mzima anamdhulumu, nasema wazi.