Jina la Mchoraji ni Haki Yake

Umezuka miongoni mwetu ugonjwa ambao wengi hawauhesabu kuwa ugonjwa, kwa sababu haumtoi mtu damu wala haumlazi kitandani. Mtu huona picha iliyochorwa kwa ustadi, au kinyago kilichochongwa na fundi hodari, akaipiga picha kwa simu yake au akaichukua mahali ilipowekwa na mwingine, kisha akaipeleka katika hifadhi za picha za mtandaoni ili ulimwengu uione. Jina la aliyeichora halipo. Mwaka haupo. Mahali hapatajwi. Pale palipopaswa kuandikwa jina la mwenye kazi pameandikwa "sanaa ya Kiafrika", au, vibaya zaidi, limeandikwa jina la huyo aliyeipeleka. Sisi twasema kwamba huo ni unyang'anyi, hata kama mtendaji wake hakukusudia kunyang'anya.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Alikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama, ndege na miti kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, na picha zake zikauzwa Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliodhani kwamba wanamfukuza mhalifu. Kazi yake yote ya uchoraji haikuzidi miaka minne hivi. Lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha jamaa na vijana waliomzunguka, kama vile January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Omari Amonde na Simon Mpata, nao wakaiendeleza kazi ile, wakawafundisha wengine, na wakaunda ushirika wao.

Leo jina Tingatinga limekuwa jina la mtindo mzima. Hilo ni heshima kubwa kwa marehemu, wala hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu uko hapa: tazama hifadhi za picha za mtandaoni, utakuta chui wa huyu, kasuku wa yule na soko la samaki la mtu wa tatu, zote zimeandikwa neno moja tu, "Tingatinga", kana kwamba zilichorwa na mkono mmoja. Mchoraji aliye hai, mwenye watoto wanaosubiri karo, amemezwa na jina la mwalimu wake. Naye mwalimu mwenyewe hakusalimika, maana kwa kuwa picha zake za asili ni chache na bei yake ni kubwa, wamejitokeza walaghai wanaoiga hata sahihi yake. Kila picha ya uongo inayopachikwa jina lake na kuwekwa mtandaoni humsaidia mlaghai. Mnunuzi akiuliza ushahidi, ataonyeshwa picha hiyohiyo, aambiwe, "Tazama, hata katika hifadhi imo." Kwa hiyo mtu mmoja mzembe, asiyepata hata senti tano katika jambo hili, amekuwa shahidi wa uongo pasipo kujua.

Hali ya wachongaji ni mbaya kuliko hiyo. Wamakonde wamechonga mpingo kwa vizazi, na katika karne iliyopita walibuni mitindo mipya ambayo waanzilishi wake wanajulikana: mtindo wa shetani unahusishwa na Samaki Likankoa, na ule wa watu waliobebana, uitwao ujamaa, unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Watu hawa walikuwa na fikra zao, na kila mmoja aliamua mwenyewe kuuacha mpingo ufuate njia mpya. Lakini katika maelezo ya picha nyingi za vinyago wote wamekuwa "Mmakonde, hajulikani", kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja.

Zipo hoja tatu ambazo watetezi wa uzembe huu huzitoa, na hapana budi tuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza husema kwamba sanaa yetu ni mali ya jumuiya, na kwamba kumtaja mtu mmoja ni tabia ya ubinafsi tuliyoiga kwa wageni. Maneno haya yanapendeza masikioni, lakini si ya kweli. Watunzi wengi wa tenzi wa pwani yetu walikuwa na desturi ya kufunga utungo kwa kutaja jina la mtunzi, tarehe, na hata hesabu ya beti, ili mnakili asipunguze wala kuongeza. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, yasingetufikia kama si jitihada za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya kutoka vinywani mwa wazee, na W. E. Taylor aliyeyahifadhi, hata yakaja kuchapwa kuwa diwani mwaka 1940. Twamjua mtunzi, twamjua mkusanyaji, na twamjua mhifadhi. Huo ndio utamaduni wetu: kila mkono ulioibeba amana hutajwa. Jumuiya hujengwa na watu wanaopeana haki zao, wala haijengwi kwa kuwafuta watu majina.

Hoja ya pili husema, "Mimi nimemtangaza msanii, angepaswa kunishukuru." Tunauliza: umemtangaza nani, ikiwa jina lake hukuliandika? Anayetaka kununua kazi nyingine ya fundi yule atamtafuta wapi? Umeitangaza mali, mwenye mali umemficha.

Hoja ya tatu husema kwamba jina halijulikani. Mara nyingi maana yake ni kwamba halikutafutwa. Ukimwuliza mtu picha ameitoa wapi, hukujibu kwamba ameitoa mtandaoni. Jibu hilo ni sawa na la mtoto aulizwaye maji yanatoka wapi, akasema yanatoka bombani. Bomba si chemchemi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: aigeuze picha atazame nyuma ya ubao, asome sahihi pembeni, amwulize muuzaji, arejee kitabu au makumbusho, afuate nyayo hadi kwa aliyeitoa mara ya kwanza. Ikiwa baada ya jitihada hizo jina halikupatikana, basi na aandike wazi kwamba mchoraji hajajulikana, na ataje mahali na wakati kazi ilipoonekana. Kukiri hivyo ni uaminifu, na humwachia atakayekuja baadaye njia ya kuendelea kutafuta.

Sisi tuliofanya kazi katika ofisi za Serikali twajua thamani ya jambo hili. Barua isiyo na kumbukumbu namba, tarehe wala sahihi haipokewi masjala, hata ikiwa maneno yake ni matamu namna gani, kwa sababu haina wa kuijibia. Ikiwa karatasi ya kuomba likizo twaitunza kwa utaratibu huo, iweje kazi ya akili na mikono ya fundi tuitupe bila anwani?

Na gharama ya kutotunza kumbukumbu tumekwisha kuiona. Mwaka 2017 nchi nzima ilimsikia mzee Francis Kanyasu Ngosha, mgonjwa na fukara, ambaye alidai kwamba yeye ndiye aliyeichora Nembo ya Taifa. Alifariki mwaka huohuo. Wapo waliomsadiki, na wapo waliomtaja mtu mwingine. Hatukusudii kuamua kesi hiyo hapa. Twasema tu kwamba mabishano hayo yasingezuka kama jina la aliyeishika kalamu lingeandikwa na kutangazwa tangu siku ya kwanza. Ikiwa nembo iliyo juu ya kila barua ya Serikali imeweza kuwa na mabishano, itakuwaje picha ya kijana wa mtaani?

Sheria nayo haiko kimya. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 uliongezewa mwaka 1928 haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua haki hiyo. Haki ya mapato ina ukomo: kwa sheria hiyo hudumu maisha ya mtunzi na miaka hamsini baada ya kifo chake. Kwa Tingatinga miaka hiyo ilitimia mwaka 2022. Lakini je, baada ya hapo picha zake zimekuwa za mtu mwingine? La hasha. Fedha inaweza kukoma, lakini jina halikomi.

Tena lipo jambo la aibu. Twayadai makumbusho ya Ulaya, kama yale ya Berlin yenye vitu vilivyochukuliwa katika Vita vya Majimaji vya 1905–1907, yaeleze kila kitu kilitoka kwa nani na kwa njia gani. Madai hayo ni ya haki, nasi twayaunga mkono. Lakini tutadai kwa uso gani, ikiwa sisi wenyewe twaichukua kazi ya jirani yetu na kuipeleka ulimwenguni bila kusema imetoka kwa nani?

Basi twawaomba walimu walifanye jambo hili kuwa somo. Mwanafunzi asikubaliwe kuweka picha popote, iwe ubaoni, katika gazeti la shule au mtandaoni, mpaka ajibu haya: nani aliyeichora au kuichonga, inaitwaje, ilifanywa lini na wapi, na kwa zana gani, hiyo nakala ameipata kwa nani, na mwenyewe ametoa ruhusa? Hifadhi ya Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwaka 2004, huwauliza waletao picha maswali ya namna hii, lakini wapo wanaojibu haraka haraka kwamba ni "kazi yangu mwenyewe". Wafundishwe kwamba aliyepiga picha ya picha hakuichora picha. Hapo pana mikono miwili, na yote miwili itajwe, kila mmoja kwa kazi yake.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wachoraji wetu wengi wamenyongwa na umaskini, na wengine wamekufa bila kuonja matunda ya jasho lao. Hatuna uwezo wa kuwalipa wote. Kuandika jina ni kazi ya dakika moja, nayo haigharimu kitu. Anayeshindwa hata na hilo asijiite mpenzi wa utamaduni wa taifa.