Matapeli wavuka mpaka, malalamiko yetu yakwama Garsen

Mhariri,

Mwaka 2024 Interpol na Afripol ziliendesha Operesheni Serengeti dhidi ya wahalifu wa mtandaoni, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Heko kwao. Lakini sisi wa Tana River tunafaidika vipi?

Shangazi yangu alipigiwa simu kwa namba ya nchi jirani, akaambiwa mwanawe aliyeko Saudia amekamatwa. Akatuma pesa zote za mbuzi aliouza sokoni Garsen. Kumbe mwana yuko kazini, salama salimini! Tulipokwenda kuripoti tukajibiwa, "Namba ya nje hatuiwezi."

Naiomba Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) itueleze: malalamiko kama haya yapelekwe wapi huku mashinani, na nani ayafikishe kwa wenzao wa nchi jirani? Nanyi wasomaji mliowahi kurejeshewa pesa, tuambieni mlipitia mlango gani.

Msomaji,
Garsen