Mambo ya Nyumbani: Vita na Wafu Katikati ya Sebule

Wahenga walinena kwamba mchezo wa paka ni mauti ya panya. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na mzazi yeyote aingiaye sebuleni jioni akamkuta kijana wake amesimama katikati ya zulia, miwani minene myeusi imemziba macho, mikono imenyoshwa mbele, jasho lamtiririka. Kijana anarudi nyuma hatua moja, anamshika koo mtu asiyeonekana, anachoma hewa kwa nguvu, kisha anapiga kelele. Mbele yake hapana kitu ila kiti na pazia. Yeye mwenyewe, hata hivyo, anaona barabara yenye giza, na wafu wenye nyama iliyooza wanamjia kutoka pande zote.

Mchezo wa aina hiyo uliojipatia sifa kubwa ni ule uitwao The Walking Dead: Saints & Sinners, uliotolewa mwezi wa Januari 2020 na kampuni ya Skydance Interactive ya Marekani. Umejengwa juu ya hadithi za vibonzo za Robert Kirkman, zilizoanza kuchapishwa mwaka 2003. Mahali pake ni mji wa New Orleans, mji wa kweli uliokumbwa kwa kweli na gharika ya kimbunga Katrina mwezi wa Agosti 2005. Katika mchezo, mji huo umefurika tena, serikali imetoweka, na walio hai wamegawanyika katika makundi mawili yanayopigana, ilhali wafu wazurura mitaani wakitafuta nyama ya watu. Mchezaji huingia nyumba moja baada ya nyingine akiokota chakula, chuma, mbao na risasi, kisha hukimbilia maskani yake kabla kengele za mji hazijalia. Zikilia, wafu hufurika barabarani, naye aliyechelewa hujuta.

Ajabu ya mchezo huu haimo katika hadithi; imo katika miwani. Ndani yake mna vioo viwili, kila jicho na picha yake, na picha hizo zimetofautiana kidogo kama vile macho mawili ya mwanadamu yaonavyo kwa tofauti ndogo. Ubongo huziunganisha, ukapata kina na umbali. Mitambo midogo hupima mwendo wa kichwa na wa mikono mara nyingi katika kila sekunde, hata mtu akigeuka, ulimwengu wote wa uongo unageuka naye. Huo ndio uitwao uhalisia pepe. Mtazamaji wa sinema akiogopa aweza kuangalia pembeni. Mwenye miwani hana pembeni: ageukapo, mfu mwingine yuko hapo.

Askari aliyewahi kushika silaha atatambua mengi humo. Bastola haijazi risasi yenyewe kwa kubonyeza kitufe kimoja kama katika michezo ya zamani. Mchezaji sharti aitoe magazini iliyokwisha, achukue nyingine kiunoni, aiingize kwa mkono wake, kisha avute chuma cha juu ili risasi iingie. Bunduki ndefu huyumba ikishikwa kwa mkono mmoja, hutulia ikishikwa kwa miwili. Mlio wa risasi huwaita wafu wa jirani, basi mwenye akili hutumia kisu na kuweka risasi akiba. Kila silaha huchakaa na kuvunjika. Kurusha shoka zito mara nyingi humchosha mchezaji, akabaki hana nguvu ya kujitetea. Kwa hakika, somo la kwanza la mchezo ni lile lile afundishwalo kuruta: mwenye kumaliza risasi ovyo hufa mapema.

Walakini kuna mengi ambayo mchezo hauwezi kuyafundisha, na hapo ndipo penye hatari kwa nyumba za askari. Vishikio vya mkononi ni vyepesi. Havina uzito wa bunduki wala teke lake begani. Hakuna harufu ya baruti, wala masikio hayazibi. Hakuna afande aamuruye kwamba silaha ielekezwe chini na kukaguliwa chemba kabla ya kuwekwa. Mchezaji akifa, hurejea mwanzo, akaenda kuutafuta mkoba wake pale alipoangukia. Kijana aliyekufa mara arobaini kwa mwezi mmoja na kufufuka mara arobaini amezoesha mkono wake tendo la kuua, lakini hajapata hata mara moja kumwona mtu ambaye harudi. Katika nyumba ambamo baba au mama hurudi na silaha ya kweli, tofauti hiyo si jambo la falsafa. Mkono uliozoea kuingiza magazini katika mchezo utajua la kufanya ukikuta magazini ya kweli kabatini.

Hata asili ya viumbe hawa ina mafunzo. Neno zombi lilikuzwa katika nchi ya Haiti, miongoni mwa Waafrika waliopelekwa huko utumwani na Wafaransa, na wataalamu wa lugha hulihusisha na maneno ya Kikongo kama nzambi, yaani Mungu au roho. Watumwa hao na wazao wao hawakumwogopa zombi kwamba angewala. Waliogopa kufanywa zombi wenyewe, yaani kufufuliwa na mchawi na kulazimishwa kulima shamba la mwingine hata baada ya kufa. Kwa mtumwa aliyetumaini kwamba mauti yatampumzisha, hiyo ilikuwa hofu kuu kupita zote. Watanzania wanamjua kiumbe wa namna hiyo kwa jina la msukule, naye pia yasemekana hutumikishwa usiku katika mashamba ya watu.

Zombi mla watu alikuja baadaye sana, katika sinema ya George Romero iitwayo Night of the Living Dead, iliyotolewa Marekani mwaka 1968. Mwisho wa sinema hiyo wapaswa kutazamwa na kila polisi. Shujaa wake, mtu mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, hupigana usiku kucha ndani ya nyumba iliyozingirwa na wafu, naye peke yake huiona asubuhi. Kunapokucha, kikosi cha wenye bunduki wanaowasafisha wafu kinafika, kinaona kivuli dirishani, na mmoja wao anafyatua. Shujaa anaanguka. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyeuliza ni nani. Wafu hawakumweza, aliuawa na watu waliokuwa wamezoea kupiga shabaha bila kutambua.

Inaweza kusemwa kwamba mambo haya ni ya watoto, majeshi hayana haja nayo. Sivyo. Tarehe 30 Aprili 2011, Kamandi ya Kimkakati ya Marekani iliandika mpango mzima wa kijeshi wa kupambana na zombi, unaojulikana kwa nambari 8888. Maofisa hawakuwa wendawazimu. Walitaka wanafunzi wajifunze kupanga vita vikubwa bila kutaja nchi yoyote ya kweli kuwa adui, ili kazi ya darasani isije ikadhaniwa kuwa nia ya serikali. Mwaka huo huo, idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa iliwashauri raia wajitayarishe kwa zombi: waweke maji, chakula, dawa, redio, na kukubaliana mahali pa kukutania jamaa wakitawanyika. Nyumba iliyo tayari kwa zombi, walisema kwa mzaha wenye busara, iko tayari pia kwa kimbunga na tetemeko.

Lakini jambo lililo zito kupita yote ni kwamba miwani hiyo hiyo itiayo hofu imetumiwa kuitibu hofu. Mwaka 1997, katika mji wa Atlanta, Barbara Rothbaum na Larry Hodges waliwavisha miwani askari wa zamani wa vita vya Vietnam, zaidi ya miaka ishirini baada ya vita hivyo kwisha. Wazee hao waliendelea kuota ndoto za kutisha na kushtuka kwa mlio wowote. Ndani ya miwani waliipanda tena helikopta juu ya msitu, mganga akiwa ubavuni, akiongeza au kupunguza kishindo kwa kadiri mgonjwa awezavyo kustahimili. Baadaye Albert Rizzo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California waliunda mitaa ya Iraq na Afghanistan kwa ajili ya askari wa vita vile, nao walianza kwa kutumia sehemu za mchezo uliokuwa umetengenezwa kwa mazoezi ya jeshi. Askari husimulia siku ile mbaya, tena na tena, hadi kumbukumbu ipoteze makali yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tiba hiyo husaidia, ingawa haikuishinda ile ya kusimulia kwa mdomo tu mbele ya mganga. Kumbe kiini cha dawa ni kusimulia, na kuwa na msikilizaji anayejua kazi yake.

Kutokana na hayo, mke wa askari anayo sababu ya kuwa macho. Huenda baba amerudi kutoka mpakani au katika kikosi cha kulinda amani, na mtoto, kwa mapenzi, anamletea miwani: “Baba, jaribu, ni tamu!” Baba hapendi kumvunja moyo. Anavaa. Dakika mbili hazijapita, mlango unavunjwa mbele ya macho yake, na mwili wake haujui kwamba ni mchezo; moyo wadunda, mikono yatetemeka, anaivua na kuitupa. Mtu huyo asichekwe, wala mtoto asikaripiwe. Ile ni alama kwamba kuna jambo ambalo halijasimuliwa, nalo lahitaji mganga, padri, shehe au rafiki wa zamani wa kikosini. Mtambo wenyewe si tiba bila ya mtaalamu, kama vile kisu cha mpasuaji kisivyo tiba mkononi mwa mchinjaji.

Kuhusu watoto, kanuni si nyingi. Mchezo huu umewekwa huko Marekani kuwa wa waliotimiza miaka 17, na kibandiko hicho hakikubandikwa kwa pambo. Miwani yenyewe, ikiwa ya Meta Quest, huruhusiwa na watengenezaji tangu miaka 10 chini ya usimamizi wa mzazi, lakini ruhusa ya miwani si ruhusa ya kila mchezo. Meza na vigae viondolewe, mtoto mchanga asitambae karibu, na anayehisi kichefuchefu aache mara moja, kwa maana macho yanamwambia anatembea na masikio yanamwambia amesimama. Baada ya mchezo, mzazi aketi na kijana amwulize: Ulimpiga nani? Ulijuaje kwamba ni adui?

Na juu ya yote, silaha ya kweli ikae penye kufuli, risasi zikae mbali nayo, na ufunguo usijulikane na mtoto. Siku kijana atakapotaka kujua tofauti ya bunduki mbili hizo, baba au mama askari amweleze kwa kinywa chake mwenyewe, bila haraka na bila majigambo. Miwani ikivuliwa, wafu wote wa New Orleans hutoweka. Mtu aliyepigwa kwa risasi ya kweli haondoki machoni pa aliyempiga.