Waraka kwa Jumuiya za Maposeni: Kitabu Chetu Tusichokisoma

Maposeni, Kipindi cha Kwaresima

Wapendwa wanajumuiya, kaka na dada zangu, nanyi wazee wetu mnaoheshimika,



Ninawaandikia kwa upendo, ila moyo wangu ni mzito. Kwa muda sasa, kila tukitoka Misa, tunasimama vikundi vikundi nje ya kanisa na maneno ni yale yale: kodi. Mmoja analalamikia fedha ya jengo inayokatwa kwenye luku ya umeme, ile iliyoanza Agosti 2021 kwa Sh 1,000 kwa mwezi na kupanda hadi Sh 1,500 mwaka 2023. Mwingine anakumbushia tozo za miamala ya simu, jinsi zilivyotuangukia Julai 2021 hata kumtumia mama fedha ya dawa kukawa na gharama mpya. Siwalaumu kwa kulalamika. Mimi mwenyewe nipo katika vikundi hivyo. Lakini mazungumzo yakikolea lazima atokee wa kufunga hoja kwa kusema kwamba hata maaskofu walishaandika kitabu kuonyesha nchi inavyoibiwa, basi na sisi tusisumbuliwe. Hapo ndipo ninapoumia. Nimewauliza kwa upole waliosema hivyo kama wamekisoma kitabu chenyewe. Hakuna. Nakala tuliyo nayo kigangoni bado ni mpya kama ilivyoletwa.

Basi niwaeleze ni kitabu gani. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC), Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na Baraza Kuu la Waislamu (BAKWATA) walitoa kwa pamoja uchunguzi kuhusu dhahabu yetu na namna taifa lilivyokuwa likipata kidogo mno kutoka migodini, wakati ule mrabaha wa dhahabu ukiwa asilimia 3 tu. Mwaka 2012 taasisi hizo tatu, kupitia kamati yao ya pamoja inayoshughulikia haki ya uchumi, zikatoa kitabu kipana zaidi kiitwacho "The One Billion Dollar Question", yaani swali la dola bilioni moja. Swali lenyewe ni hili: Tanzania ifanye nini ili isiendelee kupoteza kodi nyingi kiasi hicho kila mwaka? Mwaka 2017 walilirudia swali hilo katika toleo jipya, wakakuta upotevu umefika takribani dola bilioni 1.83 kwa mwaka. Tazameni wenye kitabu ni akina nani. Askofu, mchungaji na shehe wamekaa meza moja. Sijui mambo mengi katika nchi hii ambayo watatu hao wameyatia sahihi pamoja, na haya ya kodi yamo.

Najua kwa nini neno lenyewe linatuchefua. Huku kwetu kodi haikuja kama mchango, ilikuja na kiboko. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1897, mtu alitakiwa kutoa rupia ambazo shamba lake halikuzaa. Miaka minane baadaye Ungoni iliingia katika Vita ya Maji Maji, misheni ya Peramiho ikachomwa moto, na kila Februari 27 bado tunakwenda Mahenge pale Songea kuwakumbuka walionyongwa. Mwingereza naye akaendeleza kodi, na babu zetu wakawa wanakwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga ili warudi na fedha ya kumpa karani. Hata baada ya uhuru kodi ya kichwa iliwakimbiza wanaume porini asubuhi mgambo walipopita, hadi kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003. Watu waliolelewa na hofu hiyo hawawezi kuipenda kodi kwa kuhubiriwa siku moja. Naelewa. Lakini karani yule alikuwa akipeleka fedha kwa mfalme wa mbali. Fedha ya leo ni ya zahanati yetu, ya walimu wa watoto wetu, na ya barabara inayotushinda kila masika.

Sasa mna nini ndani ya kitabu? Sehemu mnayoipenda ipo kweli, na ina nguvu. Kinaonyesha misamaha ya kodi waliyokuwa wakipewa wawekezaji na wengineo. Katika mwaka wa fedha 2011/12 misamaha yote ilifikia takribani Sh trilioni 1.8. Kinaeleza pia namna kampuni kubwa inavyoweza kuchimba mali kwa miaka na kila mwaka vitabu vyake vikaonyesha hasara: inauza mzigo kwa kampuni dada iliyo nje kwa bei ya kutupa, inakodi mitambo kwa dada mwingine kwa bei ya juu, inakopa kwa dada wa tatu kwa riba kubwa, na faida yote inahamia mahali ambapo kodi ni ndogo au haipo kabisa. Hakuna aliyevunja kufuli. Ni karatasi tu zimesainiwa.

Tusidhani hayo ni ya Geita na Shinyanga peke yake. Namtumbo, ambayo wengi wetu tuliijua ikiwa sehemu ya Wilaya ya Songea, ina urani ya Mto Mkuju. Mwaka 2011 kampuni ya Australia iliyokuwa ikishikilia mradi ule, Mantra Resources, ilinunuliwa na Warusi wa ARMZ kwa takribani dola bilioni moja za Australia. Mali ipo Ruvuma, lakini hisa zilibadilishana mikono ng'ambo. Mamlaka ya Mapato (TRA) ilidai kodi ya mauzo yale, ukazuka mgogoro mrefu wa kisheria, na mwaka 2012 Bunge likairekebisha sheria ya kodi ya mapato ili umiliki wa kampuni ukibadilika kwa njia ya namna hiyo, kodi idaiwe hapa. Hiyo ndiyo maana ya kurekebisha mfumo wa kodi. Si lazima iwe kelele. Mara nyingine ni kifungu kimoja cha sheria kilichokuwa na tundu.

Ndugu zangu, kitabu hakikuishia hapo, na hapa naomba mnivumilie. Katika hesabu ile ile ya upotevu, waandishi wameweka ukwepaji wa kodi na biashara zisizo rasmi ambazo hazifikiwi na mtoza kodi. Ni kurasa zinazotuhusu sisi, na hizo hazitajwi nje ya kanisa. Tumeuchukua ukurasa wa wakubwa tukauacha wetu. Kwa maoni yangu hapakusudiwa mama anayeuza vitumbua stendi ya Peramiho asubuhi. Anayemfuata huyo na kumwacha mwenye maghala mawili ya jumla hajui kazi yake. Lakini wapo miongoni mwetu wenye maduka ya uhakika, wenye mashine za kukoboa, wenye malori, na wapo wanunuzi, yaani sisi wote.

Nichukue mfano wa bati. Mnakwenda mjini, mnapewa bei mbili: ya risiti, na ya bila risiti. Tuseme mzigo ni Sh 118,000, ndani yake mna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, yaani Sh 18,000. Muuzaji anakwambia, "Bila risiti nipe laki moja na kumi." Wewe unarudi nyumbani unafurahia elfu nane. Yeye amebaki na elfu kumi. Zile elfu kumi na nane zilikuwa na kwao, na kwao hazikufika. Kisha tunakwenda hospitali tukikosa dawa, tunasema serikali haina huruma. Natamani ningesema hayo ni ya watu wengine. Nilipopitia daftari la kamati yetu ya ujenzi wa kigango, nilikuta gharama za saruji na misumari zimethibitishwa kwa kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la mwanafunzi, kina mistari ya bluu, maneno "imelipwa" na sahihi isiyosomeka. Nyumba ya Mungu, jamani! Simtaji mtu, wala duka silitaji, na fedha haikupotea. Ila tulishiriki.

Vivyo hivyo mahindi. Kila msimu nasikia jinsi vijana wetu wanavyosaidia kupitisha magunia usiku ili lori likwepe geti la ushuru. Wanaona ni ujanja dhidi ya halmashauri. Hebu tuulizane: ushuru wa mazao kisheria ni wa nani? Ni wa mnunuzi. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiofika tani moja kwenda halmashauri nyingine akaachwa apite bila kutozwa. Kwa hiyo kijana anayekesha kumwonyesha dereva njia ya panya anamlinda mnunuzi, yule yule aliyetulazimisha mchana kufunga lumbesa na kutupa bei aliyotaka. Mtaniambia anaukata ushuru huo kwenye bei anayotupa. Ni kweli, mara nyingi anafanya hivyo. Basi ana sababu gani ya kuukwepa usiku, kama tumeshamlipia mchana?

Najua jibu linalonisubiri: "Mwenyekiti, wakubwa wanakula, sisi tulipe ili wazidi kula?" Silidharau swali hilo, maana anayeuliza hivyo ameona mengi. Lakini tulifikirie taratibu. Mtu asiye na risiti hata moja anakwenda na nini kwenye mkutano wa kijiji kudai hesabu? Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Ninyi ni mashahidi wangu: hesabu zikianza kusomwa, viti vya nyuma vinakuwa vitupu. Anayejua kwamba hakutoa kitu huona haya kuuliza kilichotolewa kimekwenda wapi, na haya hiyo ndiyo kinga ya mla rushwa. Hata Injili tunaisoma hivyo hivyo. Zakayo alikuwa mtoza ushuru wa Yeriko, akampokea Bwana nyumbani kwake, akaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Tunaipenda habari hiyo kwa sababu mkosaji ndani yake ni mtoza. Mfanyabiashara wa Yeriko aliyekuwa akimpunja mtoza hakuandikwa, lakini sidhani kama hakuwapo.

Na kwa kuwa tunasema ukweli, Kanisa nalo halina budi kujitazama. Mwaka 2009 serikali ilipendekeza katika bajeti kupunguza misamaha ya kodi kwa taasisi za dini, ikidai kwamba ilikuwa inatumiwa vibaya. Viongozi wa dini walipinga, na serikali ikarudi nyuma. Hospitali kama ile ya Peramiho inabeba mzigo ambao ungekuwa wa serikali, na dawa zake kuingia bila ushuru ni haki ya mgonjwa kabla haijawa haki ya padre. Hilo nitalitetea popote. Lakini siku mtu anapotaka kuagiza gari lake la biashara kwa jina la dini, tukanyamaza kwa kuwa ni mfadhili wa mavuno, tutakuwa tumeufuta kwa mkono wetu ukurasa wa misamaha tunaoupenda sana.

Yako yaliyokwisha kubadilika. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 ilipunguza misamaha, na mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa hadi asilimia 6. Oktoba 2024 Rais alizindua Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, baada ya wafanyabiashara wa Kariakoo kufunga maduka yao mara mbili, Mei 2023 na Juni 2024. Wafanyabiashara wa Kariakoo walisikika kwa sababu walikuwa na hoja, na walizisema kwa pamoja. Sisi wa vijijini tunachangia VAT kwenye kila kipande cha sabuni, lakini hoja zetu zinaishia nje ya kanisa. Kitabu hiki kinatupa maneno ya kuzungumzia: misamaha itangazwe hadharani, tujue nani kasamehewa na kiasi gani, uamuzi wa kusamehe usiwe mfukoni mwa mtu mmoja, TRA wapewe uwezo wa kukagua kampuni za kimataifa. Mkulima wa Maposeni anaweza kumwuliza mbunge wake hayo bila kuwa na shahada.

Kwa hiyo nimeomba, na Paroko ameridhia, kwamba katika majuma yaliyobaki ya Kwaresima kila jumuiya ikishamaliza Njia ya Msalaba ya Ijumaa itenge nusu saa kwa kitabu hiki. Kwa kuwa nakala tuliyo nayo ni ya Kiingereza, walimu wetu wa sekondari wamekubali kugawana sura na kuzieleza kwa Kiswahili. Msiwaachie waanze na sura ya misamaha peke yake. Kina mama wa WAWATA na vijana wa VIWAWA wachague kila kundi wasomaji wawili. Ndugu zetu Waislamu tuwaalike, maana kitabu ni chao pia kupitia BAKWATA, na imamu ameshaniambia atakuja na watu wake iwapo tutakutana shuleni badala ya kanisani. Tutakutana shuleni.

Kamati ya ujenzi, kuanzia sasa mhazini hatapokea kikaratasi. Anayekwenda kununua bati za paa arudi na risiti ya mashine, hata ikibidi tununue bati pungufu na paa lisubiri mavuno ya Julai. Na maswali yatakayotokana na usomaji wetu yaandikwe. Tutayafikisha kwenye mkutano wa kijiji wa robo mwaka ujao, na safari hii naomba tukae viti vya mbele.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mwenyekiti wa Walei, Maposeni