Liyongo na Kalamu ya Mchoraji

Wako wanazuoni ambao, wakisikia kwamba utenzi wa kale unataka kutiwa katika vibonzo, hukunja nyuso kana kwamba wameambiwa diwani ya babu yao imefungiwa karanga sokoni. Hoja yao si ya kudharauliwa, maana picha iliyochorwa kwa pupa huweza kulifisidi neno lililohifadhiwa vifuani mwa watu kizazi baada ya kizazi. Lakini mimi, kila nisomapo Utendi wa Liyongo, aliouandika Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, huona kwamba mtunzi keshamfanyia mchoraji nusu ya kazi.

Tazama ule mkate wa wishwa. Liyongo yumo kifungoni, na chakula kizuri aletewacho na kijakazi Saada huliwa na walinzi. Ndipo amwagizapo mamaye, kwa wimbo, amwokee mkate wa makapi na ndani yake aifiche tupa. Fremu moja yatosha: pua ya askari iliyokunjika kwa kinyaa, na chini yake mikono ya mfungwa inayoupokea mkate alioachiwa.

Au tazama kisima. Shujaa, akiisha kuchomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, anakwenda na uta wake, anapiga goti, anautia mshale na kufa vivyo hivyo, hata watu wa mji, wakidhani yu hai, wakaogopa kuteka maji. Ubeti, kwa kuwa ni sauti, hauwezi kunyamaza. Ukurasa wa picha waweza. Mchoraji mwenye busara atarudia taswira ile ile mara nne, mtu na uta na kisima, pasibadilike kitu ila kivuli, na mitungi mitupu iliyosimama mbali.

Ninalolikataa ni kumnyang'anya mtunzi maneno yake na kuwatia wahusika vinywani lugha ya kituo cha basi. Huko Marekani, mfululizo wa Classics Illustrated, ulioanza mwaka 1941, uliwafupisha akina Dumas na kisha, mwishoni mwa kitabu, ukamhimiza msomaji akaitafute nakala asili shuleni au maktabani. Nasaha njema, ila kwetu haifai, kwani aghalabu tendi zetu hazipatikani madukani, na kijana aliyeambiwa akazitafute atarejea mikono mitupu. Kwa hiyo beti hazina budi kuwamo humo humo, ndani ya viputo vya maneno, na msamiati wa Kiamu ufafanuliwe chini ya ukurasa. Mchapishaji akiona karatasi zinazidi, na apunguze mapanga na farasi, asipunguze mizani.

Ama wale waonao haya picha kuketi pamoja na ubeti, nawakumbusha kwamba Kijumwa, mbali na utunzi, alikuwa fundi wa hati na mchonga nakshi za mbao.