Hisa za Leza Zipandwe Nachingwea

Imezuka katika ofisi na shule zetu elimu mpya ya utajiri. Mtumishi wa umma na mwalimu huambiwa kwamba leza ndiyo dhahabu ya karne hii. Basi apeleke akiba yake ng'ambo, akanunue hisa za makampuni yanayotengeneza mitambo yake. Kuhusu leza yenyewe washauri hao hawakosei. Tangu Theodore Maiman alipoiwasha leza ya kwanza huko California mwaka 1960, mwanga huo umekata vyuma, umetibu macho na kubeba mazungumzo ya simu ndani ya nyuzi za kioo. Wanakosea wanapodhani kwamba faida yake huchumwa New York tu.

Na atazamwe mkulima wa Mtua, wilayani Nachingwea. Korosho zake hupelekwa chama cha msingi, zikaingia ghalani, zikauzwa katika mnada wa RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kisha sehemu kubwa husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Ajira ya kubangua huondoka katika gunia lilelile.

Leza inaingia wapi hapo? Inaingia baada ya kubangua. Katika viwanda vya kisasa, korosho karanga humiminwa mbele ya kamera na mwanga wa leza. Mwanga ukiangukia kokwa hupenya kidogo na kutawanyika ndani yake. Ukigonga jiwe au kipande cha ganda, hurudi kwa namna nyingine. Mtambo huitambua tofauti hiyo, na pumzi kali ya hewa hukipuliza kando kitu kibovu kabla hakijatua. Usafi huo ndio anaoulipia mnunuzi wa Ulaya. Kwa hiyo mtoto wa mkulima, aliyesomeshwa kwa korosho, anashauriwa leo apeleke mshahara wake ng'ambo ukastawishe mtambo utakaochambua korosho za baba yake katika nchi ya watu. Huo si uwekezaji. Huo ni kuurefusha mrija wa unyonyaji kwa fedha ya mnyonyaji na mnyonywaji pamoja.

Watasema: viwanda tulikuwa navyo, vikafa. Ukweli usemwe. Taifa lilijenga viwanda vya kubangua, kimojawapo hapo Nachingwea, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na mitambo ya Italia na Japani. Lakini mavuno yaliyofikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 yaliporomoka hadi chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87. Wakulima walikuwa wamehamishwa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa haiwatii moyo, na vipuri vilisubiriwa kutoka ng'ambo. Viwanda vilikufa kwa njaa, vingine vikageuzwa maghala. Msimu wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000. Njaa ya korosho haipo tena. Kisingizio nacho kimekwisha.

Nachingwea ina somo kongwe zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga, wakaleta matrekta kabla ya kuiuliza ardhi. Mwaka 1951 mpango ukatupwa, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Mtambo na ufuate zao, zao lisifuate mtambo. Kwa hiyo hakuna anayedai leza inunuliwe kesho kwa fahari. Kwanza ubanguaji, kisha mzigo wa kutosha, ndipo leza.

Njia ipo. Wakulima, kwa kupitia ushirika wao, na watumishi, kwa akiba zao, wamiliki pamoja hisa za kiwanda cha kubangua. Walimu walikwisha kuthubutu: hisa za Mwalimu Commercial Bank ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2015. Benki ya Ushirika nayo ilizinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025. Ikopeshe ubanguaji, isiishie kwenye pembejeo. Na kabla mnunuzi wa nje hajaitwa mnadani, fungu la kiwanda liwe limekwisha kutengwa, kwa bei isiyomwonea mkulima.

Wapo wa kupiga vita: mlanguzi wa kangomba anayemnunulia mkulima kwa bakuli wakati wa shida, na kiongozi wa ushirika anayeifanya sanduku la wanachama mfuko wake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu zisomwe hadharani, na vijana wa vyuo vya ufundi wafunzwe kuutengeneza mtambo, wasiwe wa kuufuta vumbi tu.

Mtumishi mwenye akiba ana haki ya kutafuta faida. Lakini kabla ya kuitafuta mbali, na ajiulize nani atalibangua gunia lililolala ghalani Nachingwea. Anayevuna bila kubangua hupangiwa bei daima.